Ethi ya antena ya redio: majibu kwa wasomaji wa Arusha na Moshi

Mwezi Machi ukikaribia, barua kuhusu radi na ethi, yaani kuunganisha vifaa na ardhi, huongezeka. Safari hii tumechagua sita, zote kutoka kwa wenye redio za ridhaa. Namba za ukinzani tulizotoa, yaani jinsi umeme unavyozuiwa kupita ardhini (ndogo ndiyo bora), tumezihesabu kwa udongo wa wastani, wenye omu-mita 100, ili msomaji aweze kulinganisha. Udongo wako ukiwa mkavu au wa majivu ya volkano, namba zitapanda zote kwa pamoja.

SWALI: Ndugu wahariri, habari za kazi. Nimepata leseni ya TCRA na nimesimamisha mlingoti wa bomba la gavanaizi, mita 9, nyuma ya nyumba. Juu yake nimefunga dipoli, antena ya waya yenye mikono miwili, ya megahezi 7. Mlingoti uko mita 6 kutoka dirisha la chumba cha redio. Swichi kuu na ethi ya nyumba viko upande wa mbele, kama mita 20 ukizunguka kwa nje. Fundi amepiga ethirodi, ile fimbo ya ethi, ya mita 1.2 chini ya dirisha, akaiunganisha na redio kwa waya wa milimita 2.5. Anasisitiza isiguse ethi ya nyumba, eti kelele za umeme zitaingia kwenye redio. Yuko sahihi? (Msomaji, Njiro, Arusha)

JIBU: Ndugu msomaji, hapo hayuko sahihi, na tunaomba uirekebishe kazi hiyo kabla ya mvua kuanza.

Redio yako sasa ina ethi mbili. Moja ni hiyo ya dirishani. Nyingine inaingia kwa njia ya pawasaplai, kupitia soketi, hadi ethirodi ya mbele ya nyumba. Pigo la kawaida la radi hubeba ampea 30,000 hivi. Sehemu ndogo tu ya mkondo huo ikishuka kwenye ethirodi ya dirishani, tuseme ampea 1,000 kwenye ukinzani wa omu 70, ethirodi hiyo hupanda volti 70,000 juu ya ile ya mbele. Umeme utatafuta njia ya kuzisawazisha, na njia iliyopo ni bodi ya redio yako. Ethi zote zikiunganishwa nje ya nyumba kwa waya mnene, kila kitu hupanda na kushuka pamoja, na kifaa kilicho katikati hakipati tofauti ya kukiunguza. Ndiyo maana kanuni za umeme za nchi nyingi zinalazimisha ethi ya antena iunganishwe na ethi ya nyumba.

Kuna hatari nyingine isiyohitaji radi. Waya wa fezi ukigusa mlingoti wenye ethirodi yake peke yake ya omu 40, volti 230 zitasukuma ampea zisizofika 6. Sakiti breka ya ampea 16 haitashtuka, na mlingoti utabaki na umeme mpaka mtoto au mbuzi aushike. Unganisha ethi, kisha hakikisha nyumba ina RCD, swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30 inayofanya kazi. Ibonyeze kitufe chake cha majaribio leo hii.

Kuhusu kelele, fundi hakuzitoa kichwani. Kelele zipo, ila nyingi huingia kwa kupanda juu ya ngozi ya nje ya waya wa koaksi, ule unaotoka kwenye antena hadi redio. Dawa yake ni pete za feriti: pitisha koaksi mizunguko kadhaa ndani ya pete, moja pale antena inapolishwa, yaani koaksi inapoungana nayo, na nyingine karibu na redio. Usinunue ukimya kwa kukata ethi.

Sasa kazi yenyewe. Tumia ethirodi za chuma zilizopakwa shaba, kipenyo milimita 16, urefu mita 2.4. Urefu ndio unaolipa: ethirodi ya mita 1.2 inatoa omu 72 hivi, ya mita 2.4 inatoa 40. Ukiongeza unene mara mbili badala ya urefu, unashuka kutoka 40 hadi 36 tu. Kwa hiyo ukikuta dukani fupi nene na ndefu nyembamba kwa bei moja, chukua ndefu. Umbali kati ya ethirodi na mwenzake uwe walau mara mbili ya urefu wake, yaani karibu mita 5, kwa sababu zikikaribiana zinagombania udongo uleule. Mbili zilizoachana mita 2.4 hazikupi omu 20 kama unavyotarajia, zinakupa 23.

Kwa nyumba yako, piga moja kwenye mguu wa mlingoti, moja chini ya dirisha badala ya ile fupi, kisha tatu kwenye njia ya kuelekea mbele, kila baada ya mita 5. Jumla tano, na ya sita ni ile ya nyumba iliyopo. Utahitaji mita 30 za waya wa shaba mtupu usio na ganda, milimita 16 za mraba, na klampu moja ya shaba kwa kila ethirodi pamoja na mbili za akiba. Mtaro uwe na kina cha sentimita 60, ukizunguka nyumba kwa nje. Usikubali waya upitishwe darini kwa sababu njia ni fupi. Hapo utakuwa unaikaribisha radi ndani ya nyumba. Pesa zikikaba, punguza zile tatu za njiani zibaki moja ya katikati, lakini waya usiupunguze wala usiukate.

Upigaji una namna yake. Kabla ya nyundo ya kwanza, ulizia bomba la maji na waya wa TANESCO vinapita wapi kwenye kiwanja. Chimba shimo dogo la sentimita 30 na upige ndani yake, ili kichwa kiishie chini ya usawa wa ardhi. Klampu ivishwe kwenye fimbo kabla hujaanza, kwa sababu nyundo hukichanua kichwa kama uyoga na baada ya hapo klampu haipiti tena. Dawa nzuri zaidi ni kipande cha bomba la chuma cha mita 1 kilichozibwa upande mmoja: unakivisha juu ya fimbo, unakiinua na kukishusha kwa nguvu. Fimbo haipindi, na huhitaji kupanda ngazi ukiwa na nyundo ya kilo 4 mkononi. Sikiliza mlio. Kwenye udongo ni butu na fimbo inazama kidogo kila pigo. Mlio ukigeuka mwembamba na nyundo ikaanza kuruka, umefika kwenye jiwe. Usiendelee kulazimisha.

SWALI: Shikamooni. Mimi niko Kibosho. Ethirodi zote tatu nilizopiga zimegonga jiwe kwenye sentimita 70. Fundi anataka kuzikata zilizobaki nje kwa hakso. Nimruhusu? (Msomaji, Kibosho, Moshi)

JIBU: Marahaba. Usimruhusu. Ethirodi iliyokatwa kwa juu inaonekana sawasawa kwa macho, na hakuna atakayejua kwamba chini kuna sentimita 70 tu mpaka siku ya radi.

Kilimanjaro ni mlima wa volkano, na kwenye miteremko yake chini ya udongo mwekundu mara nyingi kuna mawe ya lava yaliyotawanyika, si mwamba mmoja mzima. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusogea. Ing'oe kwa kuizungusha na spana ya bomba, hamia nusu mita pembeni, jaribu tena. Tumia mtarimbo kwanza kutafuta njia, maana ukipinda haukuumizi mfukoni. Ikishindikana, piga kwa kuinamisha; kanuni za Marekani zinaruhusu hadi nyuzi 45 kutoka wima. Ikishindikana hiyo nayo, ilaze fimbo nzima kwenye mtaro wa sentimita 75.

Ila kwa mahali kama kwako tungeacha kupigana na mawe na kuchimba mtaro tangu mwanzo. Mita 10 za waya wa shaba mtupu wa milimita 16 za mraba, zilizolazwa kwenye kina cha sentimita 70, zinatoa kama omu 15 kwenye udongo uleule ambao ethirodi nzima ya wima inatoa 40. Vijana wawili wenye sururu na chepe wanaimaliza kazi hiyo bila mashine. Mtaro si lazima unyooke. Ukikuta jiwe kubwa, lizunguke kwa kona ya taratibu.

Siri iko kwenye kufukia. Mawe na kokoto uliyoitoa usiirudishe juu ya waya, kwani kila penye uwazi wa hewa waya haufanyi kazi. Weka sentimita 15 za udongo mwekundu laini chini, laza waya, funika kwa sentimita 20 nyingine za udongo huohuo, mwagia maji, shindilia. Mawe yarudi juu mwishoni. Migomba ikiwa karibu, ni bahati: pale hufika maji na samadi mwaka mzima.

SWALI: Mafundi wa huku huweka chumvi na mkaa kwenye shimo la ethi. Kiasi gani kinatosha? (Msomaji, Pasua, Moshi)

JIBU: Bora usiweke. Chumvi hushusha ukinzani kweli, na ndiyo maana mafundi wanaipenda: kipimo cha siku ya kukabidhi kazi kinakuwa kizuri. Tatizo linaanza baadaye. Masika inaiyeyusha na kuishusha chini, na wakati huohuo chumvi inakula shaba na chuma kilicho ndani ya shaba. Ukichimbua baada ya miaka michache unaweza kukuta klampu imeshika fimbo iliyolika hadi unene wa penseli. Mkaa nao ukigusana na chuma kwenye unyevu huchochea kutu.

Kama udongo ni mkavu sana, tumia bentonaiti, ule udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, unaotumiwa na wachimba visima. Chimba shimo la kipenyo cha sentimita 15 hadi 20, simamisha ethirodi katikati, koroga bentonaiti na maji mpaka iwe uji mzito, mimina. Haili shaba, na inashika maji kwa muda mrefu. Angalizo moja: ikikauka kabisa husinyaa na kuachana na fimbo, kwa hiyo isiwekwe penye jua kali bila kufunikwa na udongo.

Jambo hilohilo huwapata wenye udongo mweusi wa mbuga. Ukilowa ni mzuri kuliko udongo mwingi, ila kiangazi hupasuka, na ufa ukiifuata fimbo, sehemu yote ya juu inabaki hewani. Huko urefu wa fimbo ni lazima, kwa sababu unyevu wa Septemba uko chini. Chagua mahali ambapo maji ya paa au ya tangi linalofurika yanamwagika, na utakuwa umefanya zaidi ya gunia la chumvi.

SWALI: Nimepima ethirodi yangu kwa maltimita, waya mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye bomba la maji. Inasoma omu 3. Je, ni nzuri? (Msomaji, Usa River)

JIBU: Kipimo hicho hakikuambii chochote cha kutegemea. Maltimita inatumia volti ndogo ya betri, na udongo wenye unyevu unazalisha volti zake wenyewe na kuichanganya. Halafu umepima fimbo pamoja na bomba, si fimbo peke yake. Na kama bomba ni la plastiki, kama yalivyo mengi siku hizi, kuna chuma kingine ulichokuwa unakipima bila kujua.

Azima au kodi kipima ethi chenye vijiti viwili. Zima swichi kuu ya nyumba kwanza, ndipo ufungue waya wa ethi kwenye fimbo. Ukifungua nyumba ikiwa na umeme unaweza kuwa wewe ndiye njia ya kurudi. Kijiti cha mkondo kichomeke mita 30 kutoka kwenye ethirodi. Kijiti cha volti kiwe kwenye mstari uleule, asilimia 62 ya umbali, yaani mita 18 na nusu. Soma. Kisha kisogeze mita 2 mbele, soma. Mita 2 nyuma, soma. Namba tatu zikikaribiana, umepata jibu. Zikipishana sana, vijiti viko karibu mno au kuna bomba la chuma chini, badilisha mwelekeo. Rudisha waya kabla ya kuwasha.

Kiwango? Kanuni za Marekani zinasema fimbo moja ikizidi omu 25, ongeza ya pili. Kiwango cha kimataifa cha kinga ya radi kinapendekeza omu 10 au chini. Lenga huko, ukipima mwisho wa kiangazi na si siku ya mvua. Lakini nyumba yenye omu 30 zilizounganishwa vizuri iko salama kuliko yenye ethi mbili za omu 5 zisizojuana.

SWALI: Arresta ya koaksi, kile kifaa cha kuipeleka radi kwenye ethi, niifunge wapi? Nimeiweka nyuma ya redio, waya wake wa ethi unapita dirishani hadi chini, mita 4. (Msomaji, Sakina, Arusha)

JIBU: Itoe ndani. Waya ulionyooka una indaktansi, yaani ubishi wake kwa mkondo unaobadilika ghafla, ya takriban maikrohenri 1 kwa kila mita, na mkondo wa radi unaopanda ampea 10,000 kwa maikrosekunde moja huzalisha volti 10,000 kwenye kila mita hiyo. Mita zako 4 ni volti 40,000, na zote ziko nyuma ya redio. Unene wa waya hausaidii sana hapa. Kinachosaidia ni ufupi na upana.

Funga bamba la shaba, sentimita 20 kwa 30, kwenye ukuta wa nje chini ya dirisha, karibu na ardhi kadiri inavyowezekana. Arresta zote zifungwe juu yake kwa nati: ya koaksi, na ya waya wa kuzungushia antena kama unao. Kutoka kwenye bamba teremsha utepe wa shaba wa milimita 25 kwa 3 moja kwa moja hadi ethirodi, usizidi mita 1. Ukilazimika kupinda, kona iwe pana, nusu kipenyo sentimita 20 au zaidi. Radi hairudi nyuma wala haipandi juu kwa hiari, inaruka. Ngozi ya nje ya koaksi iguse ethi pia kwenye mguu wa mlingoti kabla ya kuja nyumbani. Viungo vya chini ya ardhi vifungwe kwa klampu au vichomwe kwa baruti ya shaba, ule unga unaowashwa ukayeyusha shaba juu ya kiungo. Risasi ya kulehemu itayeyuka.

Hata hivyo, wingu zito likianza kujikusanya chomoa koaksi na kuiacha nje, pamoja na plagi ya umeme. Fanya hivyo mapema. Ukiwa unazisikia ngurumo tayari, usiiguse koaksi tena.

SWALI: Ninaishi ghorofa ya pili. Nikitangaza kwenye megahezi 7, maikrofoni inanichoma midomo. Nimeongeza ethirodi hadi nne chini, waya wa mita 10 unapanda hadi kwenye redio, hali ni ileile. Niongeze ngapi? (Msomaji, Moshi mjini)

JIBU: Usiongeze hata moja. Ethirodi ni za radi na usalama wa umeme. Kwa mawimbi ya redio hazina msaada mkubwa, na kwako zinadhuru kwa bahati mbaya ya urefu. Mita 10 ni robo ya wimbi la megahezi 7. Waya wa robo wimbi uliofungwa ardhini huonekana, ukiwa upande wa juu, kana kwamba haukuunganishwa na kitu. Redio yako kwa megahezi 7 haina ethi kabisa, na sanduku lake limekuwa sehemu ya antena.

Kama antena ni dipoli, haihitaji ardhi ili itangaze. Weka pete ya feriti pale inapolishwa, na kuungua kutapungua au kuisha. Kama ni waya mmoja uliotupwa dirishani, mpe mwenzake: waya wa mita 10 uliolazwa sakafuni pembezoni mwa ukuta, umeunganishwa na sanduku la redio, ncha yake imefungwa plastiki kwa sababu inaweza kuchoma. Na wenye antena ya wima uani, nyaya 16 za mita 5 hadi 10 zilizotandazwa juu ya majani kuizunguka zitawapa zaidi ya ethirodi kumi. Waya mwembamba wa bei nafuu unatosha, na majani yataufunika msimu mmoja.

Waya wako wa mita 10 ubaki kwa ajili ya usalama, ila ushuke nje ya ukuta na uunganishwe na ethi ya jengo. Mshirikishe mwenye nyumba. Na kwa kuwa shaba iliyo wazi huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mita 2 za chini zipite ndani ya bomba la plastiki lililobanwa ukutani, kichwa cha ethirodi kikae ndani ya kisima kidogo chenye mfuniko wa zege. Mfuniko uwe wa kunyanyulika: kila Februari klampu inatakiwa ikazwe, na ukiona ukungu wa kijani, isuguliwe kwa brashi ya waya kabla ya kukazwa.